Tairi Si Jeusi

Siku ya kwanza nilipokaa karibu na meza yake, alikuwa ameshika kipande cha mpira kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Akakikunja, akakiachia, akakikunja tena. Nilihesabu mara kumi na mbili. Mara ya kumi na tatu alikisogeza sikioni na kukikunja polepole huku amefumba macho. Kisha akachukua wembe, akakwangua rangi yote aliyoipaka tangu asubuhi, na kukitumbukiza kipande katika kopo la maji ya sabuni.

Mimi sikuwa nimeona kasoro yoyote. Nikamwuliza, "Mzee, imekosa nini?"

"Imepasuka."

"Wapi? Mbona haionekani?"

"Haijaonekana bado, ndugu yangu. Lakini nimeisikia."

Kipande kile kilikuwa kikingio cha tope, kile kinachoning'inia nyuma ya gurudumu la lori. Lori lenyewe lilikuwa mezani: Fuso la shubiri mbili, fremu ya waya, bodi ya bati la kopo la mafuta ya kupikia, turubai limefungwa kwa vikamba vyembamba kama uzi wa kushonea. Kila kitu kilikuwa kimekamilika isipokuwa vikingio vinne vya tope. Vilimchukua siku tatu zaidi.

Kazi yangu mimi ni kupiga rangi magari. Nimetokea Mbeya, nikavuka mpaka Kasumulu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifanya kazi Kawale, mtaa wa Lilongwe ambako ukitembea hatua chache unamkuta mtu anachomelea, mwingine anashona, mwingine anafufua redio. Bati nalijua. Bati ukilipiga msasa vizuri, ukalipa praima, ukaweka rangi, linatulia. Vitu laini ndivyo vilivyonitoa jasho. Nikiwa kijana, katika gereji ya mtu, nilipewa bampa la plastiki nilipige rangi, nikalifanyia kila kitu kama bati. Liling'aa hata nikajiona nimefuzu. Wiki ya tatu mwenye gari alirudi nalo likiwa linabanduka maganda kama kitunguu, kwa sababu plastiki ile hucheza kila gari linapopita shimoni, na rangi niliyoiweka haikujua kucheza. Aibu ile sikuisahau. Kwa hiyo nilipomwona mtu mzima anakunja kipande cha mpira mara kumi na tatu na kukisikiliza, nilivuta kigoda nikakaa.

Jina lake namwachia mwenyewe. Ni Mkongo wa Kivu Kusini, mtu wa makamo, na Kiswahili chake ni kile cha Uvira, ambacho mwanzoni kilinifanya nisikilize mara mbili na sasa nakipenda kuliko changu. Wakati huo meza yake ilikuwa nyuma ya kibanda cha fundi pancha, na hapo hakukosea mahali. Fundi pancha ndiye mwenye hazina ya mpira: tyubu zilizochoka, vipande vya tairi lililolipuka, na zile tyubu ndogo za solusheni ambazo mabaki yake, yale yaliyogandamana kooni, hakuna mwingine anayeyahitaji. Mwaka 2023, serikali ya Malawi ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, alikunja meza yake akarudi Dzaleka. Tangu hapo nikitaka kumwona napanda minibasi ya kuelekea kaskazini kwa barabara ya M1, kilomita arobaini na ushei, mpaka wilaya ya Dowa.

Dzaleka iliwahi kuwa gereza. Enzi za Kamuzu Banda walifungwa humo watu waliokosana na utawala, na jina lenyewe kwa Kichewa ni kauli ya mtu anayesema ameacha, hatarudia tena. Mwaka 1994 pakageuzwa kambi ya wakimbizi. Palipangwa kwa ajili ya watu 10,000 hivi. Sasa wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na lugha inayowakutanisha sokoni ni hii ninayoiandika. Mgeni kutoka Mbeya anashuka pale na kusikia "karibu" kila upande, akajiuliza kama kweli amevuka mpaka.

Malawi ni nchi ya galimoto. Neno hilo kwa Kichewa ni gari, gari lolote, lakini mtoto akilitamka mara nyingi ana maana ya gari la waya, lenye usukani wa kijiti kirefu ili uliendeshe ukiwa umesimama. Karen Lynn Williams, mwandishi Mmarekani aliyewahi kuishi nchini humu, alilitungia kitabu cha watoto chenye jina hilo hilo mwaka 1990. William Kamkwamba, yule kijana wa kinu cha upepo, ambaye alizaliwa Dowa hii hii mwaka 1987, ameeleza jinsi yeye na wenzake walivyounda malori kwa pakiti za pombe ya Chibuku na kuyawekea vizibo vya bia kuwa magurudumu. Magari hayo ya watoto yana uhai wake, na nimewahi kusimama kandokando ya njia kuyatazama yakipita. Ila gurudumu la kizibo linakuambia tu kwamba hapa pangekuwa na gurudumu. Gari la fundi wangu lina tairi, tena tairi ambalo limekwisha kutembea.

"Tairi haiko nyeusi," aliniambia siku ya pili. "Wewe uko fundi ya magari na hujaona?"

Nilikuwa sijaona. Miaka yote ile ninafunika matairi kwa magazeti nisiyachafue na rangi, na sikuwahi kuyatazama. Akanipeleka barabarani tukachuchumaa kando ya Hiace iliyokuwa inasubiri abiria. Akaniambia nitaje rangi ninazoziona, nisitaje ninayoijua. Pale linapogusa lami, tairi lilikuwa la kijivu, kijivu cha sleti ya shule iliyofutwa vibaya. Ndani ya mifereji palikuwa na udongo mwekundu uliokauka. Ubavuni palikuwa na kahawia, kama chai iliyomwagika ikakaukia hapo. Karibu na ringi palikuwa na vumbi la breki lililoenea kama unga. Nyeusi yenyewe niliipata mahali pamoja tu, kwenye mkwaruzo mpya ambapo tairi lilikuwa limesugua ukingo wa barabara muda si mrefu.

Baadaye nilikuja kuelewa sababu zake, na kila sababu iliniongezea heshima kwa jicho la mtu ambaye hakufundishwa yoyote kati ya hizo. Mpira kwa asili si mweusi. Ukienda Kihuhwi, Muheza, kwenye mashamba ya mpira, utomvu unaochuruzika kutoka kwenye chale za mti ni mweupe kama maziwa. Weusi wa tairi ni masizi, kaboni laini sana inayochanganywa kiwandani ili mpira usilike upesi. Humo humo huwekwa nta na dawa za kuukinga na jua na hewa, na dawa hizo hazikai ndani. Hupanda polepole mpaka juu, zikikutana na hewa zinageuka kahawia. Ile chai iliyomwagika ubavuni ni jasho la tairi lenyewe. Waosha magari wa Lilongwe wanalifuta kila siku na kupaka dawa ya kung'arisha, na kila siku linarudi.

Tena kuna jambo la udogo. Rangi nyeusi tupu ukiiweka kwenye lori halisi, mwanga wa jua na vumbi la hewani vitaipunguza kabla haijafika jichoni kwako. Kwenye lori la shubiri mbili hakuna umbali wa kuipunguza. Tairi dogo lililopakwa nyeusi tupu linaonekana kama shimo. Gari linakuwa limeegeshwa juu ya mashimo manne. Nimeyaona magari ya namna hiyo yakiuzwa kando ya barabara kwa watalii, yamepuliziwa rangi ya kopo mpaka yanang'aa, na siku hizi siwezi kuyatazama kwa muda mrefu.

Sasa nije kwenye mpira wenyewe, maana hapo ndipo penye kazi.

Matairi anayachonga kutoka kwenye soli za ndala. Kwa muda mrefu nilidhani kipimo cha magari yake amekiokota tu kichwani, mpaka aliponionyesha kwamba kipimo kinatokana na ndala. Unene wa soli, sentimita moja na nusu au pungufu kidogo, ndio upana wa tairi. Tairi likishakuwa na upana huo, kimo chake hakibadiliki, na kimo cha tairi kikijulikana, gari zima linajulikana: urefu, mlango, kioo, hata kichwa cha dereva. Kila anachounda kinatoka kama sehemu moja ya kumi na sita ya kile cha kweli. Nilileta futi ya chuma nikapima Hiace yake kwa siri alipokwenda kuchota maji. Alikuwa amekosea kwa upana wa njiti ya kiberiti.

Soli anaikata kwa kisu kilicholoweshwa. Mpira mkavu unakishika kisu na kukipeleka unakotaka. Ukikichovya kisu kwenye maji ya sabuni kinapita kama kwenye siagi. Mifereji ya tairi anaichora kwa spoki ya baiskeli iliyopashwa moto kwenye makaa, na kila lori lina mifereji yake. Fuso la milimani kwao lina mifereji mipana ya kung'ata tope, minibasi ya Lilongwe ina mifereji iliyokwisha upande mmoja, kwa sababu, anasema, hakuna minibasi ambayo magurudumu yake yamenyooka.

Vikingio vya tope, mikanda ya kufungia mizigo, na ile mipira ya mikunjo mikunjo chini ya bodi anaitoa kwenye tyubu. Vipo pia vitu vya plastiki laini: viatu vya mvua, mabomba, ndala za bei rahisi zinazonuka dukani. Hivyo anavikataa, na namna anavyovitambua ilinishangaza. Anachukua waya wa shaba, anaupasha mpaka unakuwa mwekundu, anaugusisha kwenye kitu anachokitilia shaka, kisha anaurudisha motoni. Moto ukigeuka kijani, kitu kile kinatupwa. Kipimo hicho wakemia wanakijua kwa jina la Friedrich Beilstein, aliyekieleza katika karne ya 19. Kijani ni ishara ya klorini, na plastiki hiyo laini imejaa klorini. Fundi wangu alikipata kwa wale wanaochoma nyaya za umeme ili wapate shaba. Aliona moto wao ni wa kijani, akajiuliza kwa nini, akaanza kuchoma kila kitu kidogo kidogo mpaka akajua ni kipi kinachotoa rangi ile na ni kipi kisichotoa.

Ubaya wa plastiki ile ni kwamba ulaini wake umeazimwa. Yenyewe ni ngumu. Imelainishwa kwa mafuta yaliyochanganywa humo, na mafuta hayo hayatulii. Ukiipaka rangi ya mafuta, rangi inayanywa, na haitakauka leo wala mwakani. Alinionyesha gari alilolitengeneza zamani kabla hajajua: matairi yake bado yalinata, yamekusanya nywele na unyoya wa kuku. Tena mahali ambapo tairi mojawapo lilikuwa limelalia kipande cha kasha la sidii alichokifanya kioo cha akiba, kioo kilikuwa kimeyeyuka na kuacha alama ya mifereji ya tairi, kama unyayo kwenye saruji mbichi. Gari hilo haliuzi. Analiweka kwenye rafu mahali anapoweza kuliona akiwa kazini.

Mpira uliochaguliwa unaoshwa kwa sabuni ya kipande na mswaki mara tatu, unakaushwa kivulini, unapigwa msasa mwepesi, unafutwa kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Hadi hapo ni yale yale tunayofanya gereji. Tofauti inaanza kwenye rangi, kwa sababu rangi yake hainunuliwi dukani. Rangi ya mafuta ikikauka inakuwa kigae chembamba. Mpira ukijikunja, kigae kinavunjika. Yeye anachukua solusheni ya pancha, ambayo ni mpira mbichi ulioyeyushwa, anaizimua kwa petroli mpaka inakuwa nyepesi kama maziwa, na ndani yake anatia unga wa rangi: masizi ya chini ya sufuria, jivu, mkaa uliosagwa, udongo. Petroli inaufungua uso wa mpira, solusheni inaingia, petroli inapaa, na kinachobaki juu ni mpira mwembamba wenye rangi. Rangi inakuwa nyama ya kile kilichopakwa. Ukikikunja, inajikunja nacho.

Hii kazi anaifanyia nje tu, upepo ukiwa mgongoni, na hakuna jiko linalowashwa karibu. Nilimwona siku moja akimfukuza kwa ukali mtu aliyesogea na sigara, yeye ambaye kwa kawaida hapandishi sauti.

Anapaka tabaka tano, na kila tabaka ni jembamba hivi kwamba ukilitazama peke yake unadhani hajapaka. Kati ya tabaka na tabaka anasubiri, na katika kusubiri anakikunja kile kitu. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya yale makunjo kumi na tatu. Tabaka likiwa na kasoro, ni afadhali ajue likiwa peke yake. Kikingio kile cha siku ya kwanza kilikuwa kimewekwa masizi mengi mno. Unga ukizidi solusheni, rangi inakauka kama udongo wa kisima kilichokauka, na ukiikunja inatoa sauti. Nimejaribu kuisikia. Nimeweka vipande vyake sikioni mara nyingi, vizima na vibovu, na sijasikia hata mara moja. Ninaamini ipo kwa sababu kila alichokiita kibovu nilikiweka juani kwa wiki moja, nikarudi, nikakikuta kina nyufa.

Jambo jingine alilonifundisha nimelipeleka mpaka kwenye kazi yangu ya bampa. Kitu chenye kuvutika usikipake kikiwa kimelegea. Tairi lake analivisha kwanza kwenye ringi, likiwa limetanuka kama litakavyokaa maisha yake yote, ndipo analipaka. Kikingio cha tope anakitundika kwa uzi na chini yake anafunga nati ndogo ikivute. Rangi inakauka ikiwa imezoea mvuto, kwa hiyo baadaye hakuna mkono utakaoivuta kupita ilivyozaliwa. Ukiitoa nati, inanywea kidogo tu, na kunywea hakupasui.

Maandishi ya vikingio yalimpa taabu kuliko yote. Malori ya kwao yana maneno nyuma, "Mungu Mbele" na mengineyo, kwa herufi nyeupe. Weupe haupatikani kwa chaki. Chaki ukiitia kwenye solusheni inafifia na kuwa rangi ya uji. Alihangaika na jambo hilo msimu mzima wa mvua. Mwishowe aliacha kuandika. Siku hizi herufi anazikata kwa wembe kutoka kwenye ndala nyeupe, nyembamba kama ganda la yai, na kuzibandika kwa solusheni moja baada ya nyingine kwa ncha ya sindano. Herufi ya mpira juu ya mpira. Alipomaliza neno la kwanza, "Mungu", alikunja kikingio mpaka ncha zikagusana, akakiachia, na herufi zote tano zikarudi zilipokuwa. Mimi nilipiga makofi. Yeye alichukua kikingio cha pili.

Watu wanaounda vigari na vifaru vya plastiki kwa vipimo duniani kote wanapambana na jambo hili hili, na hawajalimaliza. Kampuni ya Airfix ya Uingereza, ambayo jina lake kwa wengi ndilo jina la kazi hiyo, ilianzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, Mhungaria, na vitu vyake vya kwanza vilikuwa vitu vya kuchezea vya mpira vya kujaza hewa. Ile trekta ya Ferguson iliyoiingiza kwenye vigari vya kuunganisha ilikuja 1949. Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilianza 1946 ikiuza mbao, na baadaye ikawa bingwa wa vifaru vidogo ambavyo minyororo yake hufinyangwa kwa plastiki laini. Minyororo hiyo ikikunjwa kuzunguka magurudumu, rangi inaruka. Watu wazima wenye brashi za bei kubwa na rangi za kila aina wanaiosha kwa sabuni, wanaivisha kwanza ndipo waipake, wanaikwepa rangi ya mafuta, na wanalalamika juu ya matairi yaliyoyeyusha ringi zake ndani ya boksi. Nilipomweleza fundi wangu kwamba Japani nako tairi limekula ringi, alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama na wao walichoma kwa waya wa shaba.

Mpira una historia nzito kwa Mkongo, na siwezi kuipita. Kati ya 1885 na 1908, nchi yao ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, watu wa misitu ya bonde la mto Kongo walilazimishwa kukusanya utomvu wa mitoria ya porini, na waliopungukiwa na kipimo walipigwa, walikatwa mikono, waliuawa. Matairi ya mpira ya baiskeli na magari ya Ulaya yalitoka humo. Fundi wangu si mtu wa misitu hiyo, kwao ni kando ya ziwa Tanganyika, lakini habari aliisikia kwa babu yake kama watu wote walivyoisikia. Niliposema naye juu ya jambo hilo, alikuwa anasugua soli kwa mswaki. Hakuacha kusugua. Alisema babu yake alikuwa akiokota kila kipande cha mpira anachokikuta njiani na kukiweka ndani, hakitumii, hakitupi, na watoto wa nyumba ile walikatazwa kukichezea. Hayo tu.

Magari yake anayauza zaidi wakati wa Tumaini, tamasha lililoanzishwa kambini mwaka 2014 na Trésor Nzengu Mpauni, mshairi wa Kikongo anayejulikana kama Menes la Plume. Siku hizo watu wa Lilongwe na wageni wa mbali huja Dzaleka wenyewe, wengine hulala katika nyumba za wakimbizi, na kuna ngoma mpaka usiku. Nilikaa naye kwenye tamasha moja. Watu wazima walishika bodi, wakafungua milango, wakasifu taa. Watoto walishika matairi. Kila mtoto, bila kuambiwa, alilibonyeza tairi kwa kidole gumba kuona kama lina upepo, na fundi aliwaachia wote wabonyeze. Chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya Goma yenye magurudumu yaliyovishwa mpira na kipande cha ndala cha kuwekea goti, ilibonyezwa siku nzima. Jioni niliitazama kwa karibu. Rangi ilikuwa pale pale.

Chukudu ile ndiyo iliyonifanya nigundue vikopo. Nilikuwa nimeona magurudumu yake ni meusi zaidi kuliko ya magari mengine, nikamdhihaki kwamba amevunja sheria yake mwenyewe. Akanieleza kwamba Goma imekalia lava. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka 2002, moto ulipita katikati ya mji, na vumbi la barabara zile ni jeusi. Kisha akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Ndani yake palikuwa na vikopo vidogo vya dawa, kila kimoja na udongo wake: mwekundu wa Dowa, mweupe wa mchanga wa Salima, kahawia ya njia ya Karonga aliyoipitia alipoingia Malawi, mkaa uliosagwa badala ya Goma ambako hawezi kwenda kuchota.

Vumbi ndilo linalomaliza kazi. Solusheni ikikauka inabaki na unato kidogo, na bila kitu cha kuukata, tairi lingekusanya uchafu wowote unaopita. Kwa hiyo baada ya tabaka la tano anachekecha udongo kwa kipande cha soksi ya nailoni juu ya tairi, anaacha robo saa, kisha anapuliza na kusugua kwa kidole. Unga unaingia kwenye unato, unato unaisha, na tairi linapata rangi ya njia yake. Hataki udongo wa Dowa kwenye gari la Lilongwe. Nilimwambia hakuna mnunuzi atakayeutambua. Akasema dereva atautambua. Nikamkumbusha kwamba gari halina dereva, naye akaniangalia kama mtu niliyesema jambo la kitoto.

Mwezi uliopita nilimkuta ana Hiace mpya mezani, imekamilika, nyeupe, na mpini wa mlango wa kusukuma umetengenezwa kwa pini ya nywele. Matairi yalikuwa na tabaka tano na yalikuwa yamefunikwa kwa bakuli yasipate uchafu. Alikuwa hajayachekechea kitu. Kopo la Kawale lilikuwa limekwisha.

"Ukirudi, unichotee," alisema. "Usichukue ya kando ya barabara, ile iko na majani. Pale minibasi zinageuzia, katikati, asubuhi, kabla hawajamwagia maji."

Nilikwenda saa kumi na mbili na nusu. Kondakta mmoja aliniuliza nimepoteza nini. Nilijaza mfuko wa sukari wa robo kilo, nikaupeleka Jumapili. Aliumwaga kwenye sahani, akaokota kokoto na kizibo kimoja, akakanda kidogo kati ya vidole, akanusa. Kisha akavuta soksi, akafunua bakuli, na kuanza na gurudumu la mbele la kushoto, lile lililokwisha upande mmoja.